Ndege Iliyozama Ng'ambo

Inspekta hakukaribishwa kukaa, maana kiti kilikuwa kimoja na mwenye nyumba hakuwa tayari kukiacha. Mama wa rubani alikuwa amekitoa sebuleni tangu Jumatatu, akakiweka katikati ya ua na kukielekeza kwenye Pengo, pale safu ya milima inapokatika kama jino lililong'oka. Ndege ya mwanawe ilikuwa ipitie hapo kwenda ng'ambo, na helikopta ya waokoaji ilipitia hapo kila siku kwenda kuitafuta, ikarudi mikono mitupu. Kwa hiyo macho ya mama yalikaa hapo hapo. Nyuma yake kulikuwa na tangi la maji la bluu, kamba ya nguo na ukuta mfupi, kisha machimbo ya mawe yaliyofungwa zamani, na juu ya machimbo msitu uliopanda mpaka kwenye Korongo. Huko nyuma hakuwa na shida nako.

"Wewe ndiye wanayekuita Kobe," alisema bila kugeuka.

"Ni jina la kazini, mama. Nimeshalizoea."

"Leo basi usiwe kobe. Nimesikia leo Jumamosi ndiyo mwisho wa kutafuta."

Jina hilo Inspekta alipewa na vijana wa kituoni, si kwa sababu ya mwendo wake tu, ingawa kiuno chake kilishaanza kumgomea. Kobe alikuwa na tabia ya kurudia maswali yaliyokwisha kuulizwa na watu wenye haraka. Akifika mahali, hata kama maelezo yamechukuliwa na kugongwa mihuri, humwomba shahidi asimame pale pale aliposimama siku ya tukio. Wakubwa wake walichoka kumkaripia. Safari hii walikuwa wamemtuma kumchunguza rubani, wala si kuitafuta ndege, na jambo hilo mama alikuwa analijua.

"Wanasema mwanangu ameiba ndege akavuka nayo mpaka."

"Wanasema mengi."

"Na wewe?"

"Mimi bado sijasema, mama. Bado nauliza."

Mama akainama, akachukua mfuko wa plastiki uliokuwa kando ya kiti. Ndani mlikuwa na sweta la kijivu lililokunjwa vizuri.

"Aliondoka na shati tu. Ng'ambo kuna baridi, yeye mwenyewe hunambia. Kila siku nawaambia hawa wa helikopta, wanasema watakuja kulichukua, hawaji. Wewe mpe. Akiwa jela mpe, akiwa porini mpe. Mimi nataka alivae tu."

Kobe akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Aliuweka kwenye kiti cha mbele cha gari, pale ambapo angekaa mtu, akaondoka.

* * *

Kituo cha uokoaji kilikuwa kwenye ofisi ya uwanja mdogo wa ndege, chumba chenye redio mbili, birika la umeme na ramani iliyofunika ukuta mzima. Mkuu wake alikuwa rubani mstaafu wa jeshi ambaye kila mtu alimwita Kapteni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na ndevu zimemwota ovyo.

"Mafuta yamebaki ya safari moja," Kapteni alisema. "Nikitua jioni, nafunga virago. Si mimi, Inspekta, ni amri kutoka juu. Wameshaamini kijana amevuka mpaka."

"Na wewe umeamini?"

"Ng'ambo yote nimeichana kama nywele za mtoto anayekwenda shule. Ndege haipo. Sasa wewe unataka niamini nini?"

Kobe akaisogelea ramani. Upande wa ng'ambo ulikuwa umejaa mistari ya penseli mpaka majina ya mabonde hayasomeki. Upande wa huku, wa mji, haukuwa na alama hata moja.

"Huku hamkutafuta."

"Huku tutafute nini? Kuna shahidi. Mwanamke wa hapa mjini alipiga simu Jumatatu ile ile, tulipotangaza redioni. Ndege imekata kona, imezama ng'ambo. Na watu wa ng'ambo wenyewe waliisikia. Tena wengine wanadai waliisikia mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mwangwi huo. Mlima ule hata ukikohoa unakujibu."

Kobe hakubisha. Aliiweka ile mara mbili kichwani, mahali alipokuwa akiweka vitu visivyokaa sawa, akauliza jingine. "Ndege ikianguka si kuna kifaa kinachopiga ishara chenyewe?"

"Kipo. Kimekaa kimya tangu Jumatatu. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya wanaosema haikuanguka. Na anayeisema kuliko wote yuko pale."

Alinyoosha kidole dirishani. Mwenye ndege, ambaye uwanja mzima ulimwita Bosi, alikuwa amesimama karibu na banda la ndege akizungusha funguo za gari kidoleni. Alikuwa mtu mnene, mwenye saa kubwa na tabasamu lililokuwa likija na kuondoka lenyewe.

"Nimeshatoa maelezo yangu," alianza Bosi kabla Kobe hajafika.

"Najua. Mimi hurudia. Ulisema rubani alijaza mafuta mpaka juu."

"Ndiyo. Kwenda ng'ambo huhitaji hata nusu. Mtu anayejaza mpaka juu ana safari nyingine moyoni."

"Safari iliyotangulia alijaza kiasi gani?"

Bosi akakohoa. "Mpaka juu."

"Na ile kabla yake?"

"Mpaka juu. Ng'ambo hakuna mafuta, Inspekta. Lazima abebe na ya kurudia."

"Kumbe alikuwa na nia ya kurudi."

Funguo zikaacha kuzunguka.

"Ulisema pia mligombana asubuhi ile. Mligombana nini?"

"Mambo ya kazi."

"Kazi ipi?"

"Mambo madogo madogo ya ndege."

"Nitajie moja."

Bosi alitazama lami, akatazama viatu vyake, akarudi kwenye lami. Kobe alimwacha. Kunyamaza ilikuwa sehemu ya kazi yake, na ndiyo sehemu iliyomfaa zaidi.

"Betri," Bosi alisema mwishoni. "Betri ya kile kifaa cha ishara. Ilikuwa imekufa. Alitaka ndege isimame mpaka ije mpya. Nilikuwa nimeshaiagiza, Inspekta, Mungu wangu shahidi, nilishaiagiza. Nikamwambia ng'ambo hospitali inasubiri damu, kuna mzazi yuko kitandani, wewe unaniletea habari za betri. Akaniangalia tu. Akapakia masanduku akaondoka."

"Kwa hiyo ukimya wa kile kifaa hauna maana yoyote."

"Hauna."

"Na uliliacha hilo ukawaambia wakubwa kwamba ameiba."

Tabasamu la Bosi lilikuja, likakosa pa kukaa. Kobe hakumkamata wala hakumfokea, ingawa mkono ulimwasha. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwahi siku hiyo, na hakuwa huyu.

Hoja ya wizi ilikuwa imekwisha. Ndege ilikuwa imeanguka, na iko mahali. Kilichobaki mkononi kilikuwa neno la yule mwanamke aliyepiga simu.

* * *

Shahidi alikuwa mshonaji, mwenye kibanda kimoja katika uchochoro nyuma ya soko. Watu walimwita Mama Pindo kwa sababu nguo iliyopindwa naye haikufumuka mpaka kitambaa chenyewe kichoke. Kobe alimkuta amepinda mgongo juu ya cherehani, sindano mbili zimechomekwa kifuani, marobota ya sare za shule yamemzunguka kila upande.

"Karibu, Afande. Suruali hiyo unayovaa nani amekushonea? Alikuwa na hasira na wewe?"

"Nimeinunua hivi hivi."

"Inaonekana. Kaa hapo, sukuma hizo sare."

Kobe hakukaa. Alimweleza kilichomleta, na utani ukamtoka Mama Pindo usoni. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Mtoto wa watu bado hajapatikana?"

"Bado. Nataka unisaidie kitu kidogo. Simama pale uliposimama ulipoiona ndege."

Mama Pindo alimtazama kama mtu aliyeambiwa aimbe. "Niliposimama wapi? Mimi nilikuwa nimekaa hapa."

Kobe akageuka. Mlango wa kibanda ulitazamana na ukuta wa ghala, karibu kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono angegusa kote kuwili. Juu paliachwa kipande cha anga kisichofika upana wa shuka. Hapakuwa na mlima, wala Pengo, wala chochote.

"Ukiwa hapa uliionaje?"

"Nani kasema nimeiona?" Mama Pindo alishangaa kweli. "Mimi nilisema imeonekana. Aliyeiona ni mdogo wangu. Yeye ameolewa ng'ambo, ana mashamba ya viazi huko. Asubuhi ile alinipigia habari ya sare za wanawe, katikati ya mazungumzo akanambia kuna ndege imempita kichwani. Mchana nikasikia tangazo redioni, nikawapigia wale wa uokoaji. Nikawaambia vile vile nilivyoambiwa. Mimi si mtu wa kutia chumvi, Afande, waulize wateja wangu."

"Ulisema maneno gani?"

"Kwamba ndege imepita, imekata kona, imezama ng'ambo, sauti ikakatika."

"Na yeye alikwambia maneno gani?"

"Hayo hayo. Kwani nimekwambia nini sasa hivi? Hayo hayo."

Kobe aliegemea marobota ya sare bila kujua kwamba ameegemea. Ile mara mbili ya watu wa ng'ambo ilitoka mahali alipokuwa ameiweka, ikaja mbele. Ndege iliyokwenda tu husikika mara moja. Ikisikika mara mbili, basi ilikwenda na ikageuka.

"Mpigie," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia imekauka.

Simu haikushika mara moja. Ng'ambo mtandao ulikuwa wa kubahatisha, mdogo mtu alilazimika kupanda kwenye jabali la shule ndipo asikike, na waliokuwa nyumbani wakaenda kumwita shambani. Mama Pindo alijipepea na kipande cha karatasi ya kukatia. Hatimaye kibanda kikajaa upepo wa simu na sauti ya mwanamke anayehema.

"Dada? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ongea na Afande, anauliza ile ndege."

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mama. Niambie tu ulivyoiona, polepole."

"Nilikuwa napalilia. Ikatokea Pengoni, ikaja mpaka juu yangu, chini sana, nikaliona tumbo lake. Huku wingu lilikuwa limeziba mpaka bondeni. Nadhani aliona hakupitiki. Akakata kona, akaipandisha, ikarudi pale pale ilipotokea. Ikazama ng'ambo. Nikaisikia kidogo, halafu kimya."

"Waokoaji walifika kijijini kwenu?"

"Walifika. Wakaniuliza kama kuna ndege imeanguka huku. Nikawaambia huku haijaanguka. Wakashukuru, wakaenda zao."

"Mama," Kobe alisema, "hiyo ng'ambo ilikozama ni ng'ambo ipi?"

"Si ng'ambo huko," sauti ilijibu bila wasiwasi. "Huko kwa dada."

Mama Pindo alikuwa ameinua mkono kujipepea na mkono ukabaki hewani.

"Kwetu?" aliuliza. "Kwetu ndiyo ng'ambo?"

"Dada..."

"Wewe umezaliwa huku. Ng'ambo ni huko ulikoolewa. Miaka yote tunasema, mdogo wetu yuko ng'ambo, tumpelekee kitu ng'ambo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukilia unataka kutoka ng'ambo urudi nyumbani. Tangu lini kwetu pakawa ng'ambo?"

Upepo ulivuma kwenye simu kwa muda mrefu.

"Sijui, dada," mdogo mtu alisema, naye alikuwa ameanza kulia bila kujua bado analilia nini. "Sikujua kama nimeanza kusema hivyo. Labda tangu mama alipotutoka. Nani tena angeniita nirudi?"

Kobe alimshukuru, akamwomba akae karibu na jabali. Alipokata simu, Mama Pindo alikuwa ameshafika mwisho wa hesabu peke yake. Hakuwa mtu mzito wa kichwa.

"Nimewapeleka upande usio wake."

"Ulisema ulivyoambiwa."

"Neno kwa neno," alisema Mama Pindo. "Hata nilijisifu. Ningetia chumvi kidogo tu, Afande. Ningesema ng'ambo kwa mdogo wangu, au ng'ambo kwetu, mtu angeuliza." Alizichomoa zile sindano kifuani, akazichomeka kwenye mto wake moja moja, taratibu. "Anaweza kuwa hai?"

"Sijui."

"Basi nenda. Unangoja nini hapa?"

* * *

Kapteni alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akakaa juu ya meza, juu ya karatasi zake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyepokea simu ile," alisema. "Nilimwuliza jina lake, namba yake, ndege ilikuwa na rangi gani. Sikumwuliza aliyeiona alikuwa upande gani."

"Sasa umejua. Akigeuka akapita tena Pengoni, wingu liko mgongoni mwake, atashukia wapi?"

Kapteni alinyanyuka. Kidole chake kilianzia Pengoni, kikashuka upande usio na alama, kikakwama. "Akitaka kutua haraka atautafuta uwanja wake, moja kwa moja. Upepo wa asubuhi ungemsukuma kulia." Kidole kikasogea kulia. "Kwenye Korongo. Juu ya machimbo."

"Mafuta ya safari moja yanatosha?"

"Korongo?" Kapteni alikuwa ameshalivaa koti nusu. "Huko unaweza kwenda kwa miguu."

Helikopta ilipaa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu haikuelekea Pengoni. Kobe alibaki redioni. Chumba kilinuka kahawa iliyoungua. Bosi alikuja akasimama mlangoni, hakuambiwa aingie wala atoke. Kwa muda redio ilikuwa inakoroma tu, kisha sauti ya Kapteni ikaja, kavu, ya kikazi, kama anasoma taarifa ya mtu mwingine.

"Naona vitu vyeupe juu ya mwamba. Vimepangwa. Vifuniko vya masanduku ya damu." Ikakoroma. "Naona bawa chini ya miti." Ikakoroma tena. "Kuna mtu. Amelala nje ya ndege. Nashuka niangalie."

Kilichofuata kilikuja kwa sauti ndogo.

"Inspekta, panda na daktari. Msikimbie."

Bosi alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye sakafu, na suti yake. Kobe alimruka akatoka.

Njia ya machimbo iliishia kwenye lango lenye kutu, na kuanzia hapo walitembea. Kobe alipanda kwa mwendo wake, mfuko wa plastiki mkononi, kiuno kikimchoma. Hakuna aliyemharakisha. Kapteni alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na mwamba, kofia magotini.

Rubani alikuwa kijana kuliko picha yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa mkanda wa kiti na kipande cha bati. Alikuwa amejiburuta kutoka kwenye ndege mpaka kwenye mwamba ulio wazi, akavipanga vifuniko vyeupe mstari mmoja, upande wa kung'aa ukitazama juu, ili anayepita angani avione. Pembeni yake kulikuwa na moto mdogo uliozimika, na majani mabichi aliyoshindwa kuyawasha. Daktari alipiga magoti kwa muda mrefu.

"Hakufa kwa kuanguka," alisema. "Baridi na kupoteza damu. Juzi hivi, labda usiku."

"Na kama angepatikana Jumatano?"

Daktari alifunga mkoba wake. "Jumatano angepona, Inspekta."

Kobe alifanya kazi yake. Alipiga picha, akapima, akaangalia usukani na tangi la mafuta lililopasuka. Aliikuta redio ya ndege imevunjika katikati, na kile kifaa cha ishara kikiwa kimewashwa kwa mkono, swichi imesukumwa mpaka mwisho, bila betri yenye nguvu ya kukiendesha. Kazi ilipokwisha alilitoa sweta la kijivu, akalikunjua, akamfunika nalo kuanzia shingoni. Haikuwa sehemu ya utaratibu. Kapteni na daktari walitazama pembeni.

Aliponyanyuka ndipo alipoona kilichokuwa mbele ya macho ya marehemu. Mji wote ulikuwa chini yake. Uwanja wa ndege ulikuwa pale, na soko, na barabara. Na karibu zaidi, ng'ambo tu ya machimbo, lilikuwepo tangi la maji la bluu, na mbele ya tangi mtu amekaa kwenye kiti. Usoni hakuonekana. Kiti kilitazama Pengoni, na kutoka huku juu kulionekana mgongo tu, na kitambaa cha kichwani.

* * *

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Kobe alipoingia uani. Mama hakugeuka. Kobe alizunguka akapiga magoti mbele ya kiti, kiuno kikalalamika, akakiacha kilalamike.

"Umerudi bila mfuko," alisema mama.

"Nimemfunika na lile sweta, mama."

Mama alifumba macho. Mikono yake ilishikana mapajani, ikasuguana, kama anayenawa bila maji. Kobe aliisubiri mpaka ikatulia.

"Hakuiba," alisema.

"Hilo nilikuwa najua. Aliumia sana?"

Kobe alikuwa na uongo mzuri ulio tayari. Aliutunga njiani wakati wa kushuka, alifika nao mpaka mlangoni. Lakini alimtazama mama usoni, na uongo ukamtoka mikononi.

"Alivunjika mguu. Alikaa hai siku kadhaa. Alikuwa akitungoja."

"Siku kadhaa," mama alirudia. "Peke yake huko ng'ambo."

"Hakuwa ng'ambo, mama. Aligeuka, akawa anarudi nyumbani. Alikuwa huku."

"Huku wapi?"

Kobe alinyoosha mkono, juu ya bega la mama, kuelekea nyuma. Mama aliufuata mkono ule kwa macho mpaka ulipokwisha, lakini shingo haikutaka kumalizia njia iliyobaki.

"Niliisikia ile helikopta mchana," alisema polepole. "Nikaisikia inakwenda upande mwingine. Nikajua basi, wamekata tamaa, wameacha kumtafuta. Sikugeuka hata kuiangalia."

Alisimama. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana akiwa amekaa. Aligeuka, akautazama ukuta mfupi, machimbo, msitu, na juu kabisa mwamba uliokuwa bado na jua kidogo, na juu ya mwamba vitu vyeupe vilivyopangwa mstari. Kwa macho ya kawaida vilionekana vizuri kabisa.

"Siku zote hizi," alisema, "nilikuwa nimempa mgongo."

Mama alishika kiti upande mmoja, kikamshinda, maana miguu yake ilikuwa imezama kwenye udongo tangu Jumatatu. Kobe akashika upande wa pili. Wakakinyanyua pamoja, wakakigeuza, mama akakaa.